Ziwa halikuwa mbali

Mwaka 2007 nilikuwa kidato cha kwanza Mwanza, na likizo nikaenda kwa bibi mzaa baba, kijijini Kishapu. Jioni tumekaa nje, nikaanza kumsimulia habari za ziwa. Mawe makubwa, sangara, meli, maji mpaka macho yanachoka. Bibi hajawahi kuliona Ziwa Victoria maishani mwake. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza:

"Huko umetoka saa ngapi?"

Asubuhi, bibi.

"Na hapa umefika alasiri. Sasa kama wewe umekuja kwa siku moja, hayo maji yameshindwa nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alfajiri ile ile, kabla basi langu halijatoka Mwanza, yeye alikuwa ameinama kwenye shimo katikati ya mto mkavu. Wenyeji wa Shinyanga mnaujua mto wa aina hiyo: nusu ya mwaka ni barabara ya mchanga. Unachimba kwa mikono au kwa bakuli, unasubiri maji yajikusanye taratibu, unateka kwa kata, dumu linajaa baada ya muda wa kupika ugali. Kiangazi kikizidi, shimo linazidi kwenda chini, mpaka anayechota anaonekana mgongo tu.

Swali lile sikulijibu. Baadaye nikaingia kwenye kazi hii ya kuuliza watu maswali, na kila nikipita Shinyanga, Kahama au Geita linanirudia. Leo najaribu kumjibu bibi. Ni historia ndefu kidogo, kwa hiyo vuta kiti.

Tuanze na zamani. Kwa Wasukuma, maji yalikuwa suala la utawala. Mtemi alihesabiwa kuwa na dhamana ya mvua. Mvua ikikataa, watu hawakutazama mbingu tu, walimtazama na yeye, na wapo watemi waliopoteza viti vyao kwa sababu hiyo. Unaweza kusema ni ushirikina. Lakini ndani yake kuna wazo ambalo ni la kisasa kuliko tunavyodhani: kwamba kiu ya watu ina mtu wa kuulizwa. Utemi ulifutwa na serikali huru mwaka 1963. Wa kuulizwa wakawa wengine.

Kabla ya hapo, hata hivyo, kuna karatasi moja iliandikwa mbali sana na Shinyanga. Tarehe 7 Mei 1929, Waziri Mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud Pasha, na mwakilishi mkuu wa Uingereza mjini Cairo, Lord Lloyd, walibadilishana barua kuhusu maji ya mto Nile. Uingereza ilikubali kwamba bila Misri kuridhia, hakutajengwa kitu kwenye Nile, matawi yake, au maziwa unakotoka, ambacho kingepunguza maji ya Misri. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Hakuna Msukuma, Mkerewe wala Mzinza aliyeulizwa. Ziwa lenye karibu kilomita za mraba 69,000, ambalo karibu nusu yake iko kwetu, likafungwa kwa barua mbili.

Tulipopata uhuru, Nyerere alilikataa jambo hilo mapema. Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya 1929. Hoja yake kwa ujumla ilikuwa rahisi: nchi huru haiwezi kurithi minyororo iliyofungwa na mkoloni bila yenyewe kukubali. Wanasheria duniani wanaiita Kanuni ya Nyerere mpaka leo. Misri ikajibu mwaka uliofuata kwamba kwa upande wake makubaliano bado yako hai.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoishia. Ukiuliza kijiweni kwa nini Shinyanga ilikaa na kiu miaka yote ile, utaambiwa, "Misri walitukataza." Ndivyo nilivyoamini na mimi. Lakini ukiangalia vizuri, makubaliano ya 1929 yalizungumzia miradi ya umwagiliaji na ya kuzalisha umeme. Maji ya kunywa hayakutajwa. Mji wa Mwanza ulikuwa unakunywa maji ya ziwa tangu enzi za mkoloni huyo huyo. Kwa hiyo mtu akikwambia ni Misri, mkubalie nusu. Hiyo nusu nyingine inatuhusu sisi na wenye fedha.

Rudi nyuma kidogo. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi Mwadui, ambako leo ni wilaya ya Kishapu. Pakajengwa mji wenye uzio, umeme, hospitali na uwanja wa ndege, na mgodi ukawa na bwawa lake kubwa la maji la Songwa. Mwaka 1947 ikapatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati zaidi ya 54. Williamson akampa Elizabeth, aliyekuwa anaolewa mwaka huo na baadaye akawa Malkia wa Uingereza. Mwaka huo huo, serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Ndio mpango ulioleta malambo mengi: mabwawa ya udongo ya kukinga maji ya mvua. Lengo kubwa lilikuwa kutawanya watu na ng'ombe waende maeneo mapya, ardhi isichoke. Malambo yalikuja pamoja na amri za jinsi ya kulima na za kupunguza mifugo, na watu wakazipinga sana.

Lakini tazama tofauti. Pale Mwadui maji yalipangwa kwa ajili ya kazi na makazi ya mgodi. Nje ya uzio, watu walichangia lambo na ng'ombe. Ng'ombe anaingia, anakunywa, anafanya na mengine, na mama anateka upande wa pili. Jamani, tusicheke. Kuna vijiji vinateka kwenye malambo mpaka sasa.

Baada ya Azimio la Arusha mambo yalibadilika kwa kasi. Serikali ilisema maji ni haki, na vijijini yakawa hayalipiwi. Mwaka 1971 ukaanza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mita 400 ni mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha. Ilikuwa ahadi kubwa kwa nchi maskini, na mimi sioni sababu ya kuibeza.

Shinyanga ilikuwa mbele kabisa katika ahadi hiyo. Kuanzia 1974, kwa fedha na wataalamu wa Uholanzi, vilichimbwa mamia ya visima vifupi mkoani. Teknolojia yenyewe ilikuwa ya kiungwana: watu wanakwenda bondeni, wanatoboa ardhi kwa mkono wakitumia mashine ya kuzungusha, wanafika kwenye tabaka la mchanga wenye maji, wanashusha bomba, wanafunika kwa zege na kuweka pampu ya mkono. Haihitaji dizeli wala umeme. Wataalamu wa nchi nyingine walijifunza kutokana na visima vya Shinyanga.

Kilichotokea baadaye tunakijua. Pampu ina mpira ndani, mpira unachakaa, na kipuri kiko mjini au hakipo kabisa. Miaka ya 1980 ilipobana, serikali haikuwa na fedha za dizeli wala za vipuri. Ukame ukija, visima vifupi ndivyo vinavyotangulia kukauka. Ukichimba kirefu zaidi unakutana na mwamba wa matale, na baadhi ya visima virefu vya ukanda huo vina madini ya floraidi kupita kiasi, yale yanayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Maji yapo, lakini nayo yanadai kitu mwilini.

Mwaka 1991 ukafika. Mpango ukaisha, mita 400 hazikutimia, na sera mpya ikasogeza lengo mpaka 2002.

Hapa nisimame kidogo, maana tarehe hii ina jina nyumbani kwetu. Shangazi yangu mdogo alizaliwa 1979. Mwaka 1991 alikuwa na miaka 12, yuko darasa la tano, na ndio mwaka aliacha shule. Hakufukuzwa, wala hakupata mimba. Alikuwa msichana mkubwa aliyebaki nyumbani, na maji yalikuwa kazi yake. Anaamka saa kumi usiku, anakwenda mtoni, anasubiri foleni, anarudi jua limetoka, anachapwa kwa kuchelewa. Siku nyingine haendi kabisa. Siku zikawa wiki. Serikali imesogeza lengo miaka 11 mbele, na kwa maofisa ni mstari kwenye karatasi. Shangazi alipofika 2002 alikuwa na watoto wawili.

Sasa twende upande wa dhahabu, maana ndiko jibu la bibi linakojificha.

Miaka ya 1990 nchi ilifungua milango kwa makampuni makubwa ya madini. Bulyanhulu, wilaya ya Kahama, kulikuwa na wachimbaji wadogo wengi mno. Agosti 1996 waliondolewa kupisha uwekezaji. Yaliyotokea wakati wa kuwaondoa yana ubishi mkubwa mpaka leo, na yanahitaji makala yake. Mwaka 1999 Barrick ya Kanada ilinunua kampuni iliyokuwa na leseni, na 2001 mgodi ukaanza kutoa dhahabu. Geita, ambako dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi wa zamani ulipofungwa 1966, mgodi mpya ulianza kazi mwaka 2000 chini ya Ashanti na AngloGold.

Mgodi wa kisasa hauwezi kuishi bila maji. Mwamba unasagwa uwe unga, unga unachanganywa na maji uwe uji, na kwenye uji huo ndipo kemikali zinapoitoa dhahabu. Bila maji mtambo unasimama. Kwa hiyo wahandisi walifanya jambo la kawaida kabisa. Walikwenda ziwani. Bulyanhulu ikavuta bomba kutoka ghuba ya Smith Sound, zaidi ya kilomita 40. Geita ikavuta kutoka ghuba ya Nungwe.

Hebu tafakari tarehe hizo. Mwaka 2001 maji ya Ziwa Victoria yalikuwa tayari yamefika ndani ya wilaya ya Kahama. Karatasi ya 1929 haikuyazuia. Mwamba haukuyazuia. Na mji wa Kahama wenyewe ulikuwa unanunua maji kwa dumu kutoka kwa vijana wa baiskeli. Mjini Shinyanga walikuwa wanategemea bwawa la Ning'hwa, ambalo mvua ikiwa mbaya linageuka tope.

Nataka niwe mkweli hapa, maana ni rahisi kuandika kwa hasira. Mgodi unahitaji maji machache kuliko miji miwili. Bomba lake ni fupi zaidi. Kampuni ina fedha zake, haiombi mkopo wa nchi kwa nchi. Wakati serikali ikitafuta fedha kwa ajili ya maji ya ziwa, wafadhili walikuwa wanaogopa ugomvi wa Nile. Benki ya Dunia, kwa mfano, ina kanuni kwamba mradi unaogusa maji ya nchi nyingi lazima nchi hizo ziarifiwe kwanza. Yote hayo ni kweli. Lakini ukiyajumlisha unapata jibu moja: maji yalimfuata mwenye fedha na mwenye haraka. Bibi alikuwa na haraka kila alfajiri. Alichokosa ni fedha.

Kilichofuata ndicho sehemu ninayoipenda katika historia hii, na ni vizuri tuwape haki yao waliostahili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya Rais Mkapa, na Edward Lowassa akiwa Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo, serikali iliamua kuvuta maji ya ziwa mpaka Kahama na Shinyanga kwa fedha zake yenyewe. Mwaka 2004 kazi ikaanza, mkandarasi akiwa kampuni ya Kichina. Misri haikufurahi. Tanzania ikaendelea. Baada ya miaka 42, msimamo wa Nyerere wa 1962 ukapata mabomba.

Mtambo wa kuchukua maji uko Ihelele, wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza. Maji yanasafishwa, yanasukumwa kwa pampu mpaka kwenye matangi ya kilima cha Mabale, halafu kutoka huko yanateremka yenyewe kuelekea kusini. Uwezo ulioanza nao ni lita milioni 80 kwa siku. Mamlaka ya KASHWASA inauza maji hayo kwa jumla, na mamlaka za miji, SHUWASA kwa Shinyanga na KUWASA kwa Kahama, zinayasambaza kwa wateja. Vijiji kadhaa vilivyo kando ya bomba navyo viliunganishwa.

Ujenzi ukakamilika 2008, na Rais Kikwete akauzindua mradi 2009. Lowassa wakati huo alikuwa ameshajiuzulu uwaziri mkuu, Februari 2008, kwa sakata la Richmond. Siasa zetu zina mambo yake. Alipofariki Februari 2024, niliwasikia watu wa Kahama ambao hawakuwahi kumpigia kura wakisema, "Huyu ndiye aliyetuletea maji." Nadhani ni aina ya kumbukumbu ambayo mtemi wa zamani angeielewa.

Misri haikupungukiwa na kitu tulichokiona. Mei 2010, mjini Entebbe, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kusaini makubaliano mapya ya ushirikiano wa bonde la Nile, ambayo yalianza rasmi kutumika Oktoba 2024, ingawa Misri na Sudan hazikuyakubali. Kufikia 2021 bomba lile lile la Ihelele lilikuwa limerefushwa kwa mkopo wa India, likapita Nzega na Igunga mpaka Tabora. Tabora! Ukiangalia ramani utaona aibu yetu sote. Umbali uliosemwa hauwezekani kwa miaka yote ile ulikuwa mfupi kuliko huo.

Geita yenyewe imechelewa zaidi, na ni mji ulio karibu na ziwa kuliko Kahama, Shinyanga na Tabora. Umekua kwa kasi ya dhahabu, ukawa makao makuu ya mkoa mpya mwaka 2012, lakini mabomba hayakukimbia na watu. Mgodi umechangia miradi ya maji ya mji, hilo lisemwe. Juni 2022 serikali ilisaini mikataba ya mradi wa miji 28 kwa mkopo mwingine wa India, na Geita imo. Muulize mama ntilie yeyote wa pale ananunua madumu mangapi kwa siku. Atakujibu haraka kuliko ofisa yeyote, kwa sababu ni hesabu ya faida yake.

Na kijijini je? Mwaka 2019 ilianzishwa RUWASA kushughulikia maji vijijini. Lengo la serikali lilikuwa asilimia 85 ya wananchi wa vijijini wapate maji ifikapo 2025, na mijini 95. Asilimia ni nzuri, lakini ujue inavyohesabiwa. Kwa sera ya mwaka 2002, kituo kimoja kilihesabiwa kuhudumia watu 250, kila mmoja lita 25 kwa siku, ndani ya mita zile zile 400 za mwaka 1971. Kilula kikisimama wiki tatu kwa sababu ya koki au deni la umeme, kwenye kitabu bado kinaweza kusomeka kipo. Wanaojua hakitoi maji ni wenye ndoo.

Kijiji cha bibi kilipata kilula. Nilikwenda mara ya mwisho nikamkuta shangazi, yule wa darasa la tano, amekaa chini ya mti na daftari. Yumo kwenye chombo cha watumia maji cha kijiji. Anaandika majina, ndoo na fedha, kwa mwandiko wa polepole na safi. Nikamuuliza mahesabu anayawezaje. Akasema, "Hesabu za maji ndizo nilizosomea."

Bibi sasa ni mzee sana. Nilimpelekea kikombe cha maji ya kilula akanywa, akakunja uso, akasema yananuka dawa na hayana ladha, ya mtoni yalikuwa matamu zaidi. Nikaamua ndio wakati wa kumjibu. Nikamweleza kwa kifupi: Waingereza, Misri, Nyerere, almasi, dhahabu, Ihelele. Alinyamaza muda mrefu nikadhani amesinzia.

Halafu akasema, "Kwa hiyo yalikuwa yanaweza kuja siku zote."

Ndiyo, bibi.

Akauliza kama kwa mdogo wake, ng'ambo ya mto, yameshafika. Hayajafika. Wako kama kilomita tano kutoka kwenye kilula, na asubuhi ile niliwaona wasichana wao watatu wakichimba mchangani, mmoja amevaa sketi ya shule. Nimepiga simu mara mbili kwenye ofisi inayohusika kuuliza mpango wao ukoje. Nitapiga tena Jumatatu, na nitakachojibiwa nitakiandika hapa.

Na wewe msomaji, kwenu maji yalifika mwaka gani, na nani alitangulia kuyapata? Waulize wazee, halafu uniandikie.